Magadi ya Kwenye Marudio

Shikamoo zenu nimezipokea, wanangu. Nasikia wengi wenu mmepata kazi kwenye viwanda vya kuchenjulia dhahabu huku kwetu Handeni, mmepewa kofia, buti na vizibo vya masikio, na mkasainishwa kwamba mmeelewa. Mimi nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na siku niliyosainishwa sikuwa nimeelewa kitu. Kwa hiyo niwaambie jambo moja mapema, kabla hamjachoka kusoma: kitu chochote kikitoka kwenye marudio, kikakauka kikawa cheupe, msikiamini.

Marudio mnayajua. Ni mawe yaliyokwisha kusagwa yakawa unga, yakalowekwa kwenye sayanidi, dhahabu ikatoka, na kilichobaki kikamwagwa nyuma ya kiwanda. Kwa macho ni tope la kijivu lisilo na habari. Ndani yake kuna chokaa tuliyoitia wenyewe, kuna masalia ya sayanidi, na kuna vile ambavyo jiwe limezaliwa navyo, kama aseniki, ambayo ni sumu isiyo na harufu wala ladha. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli za lundo hilo na kuzipeleka maabara. Kiwandani waliniita Mama Sampuli. Kwetu Misima mimi ni Mwantumu, mke wa marehemu Shabani, na sikuwa na shida na jina lolote kati ya hayo mawili.

Aliyenifundisha ni Mzee Shechambo, Mshambaa wa Korogwe, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua likiwa la kupasua kichwa. Sijapata kumwona mtu mwenye kushuku kama yule. Alishuku mizani, alishuku vifuko vya plastiki, alishuku chai ya ndani ya uzio, na hakuinywa hata tone mpaka anastaafu. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na koleo nikachota pale pembeni, karibu na njia, ambapo buti haizami. Aliitazama ndoo yangu, akaimwaga.

"Sampuli haichukuliwi mahali panapokupendeza," akaniambia. "Umechota njia, hukuchota lundo."

Alikuwa na mtindo wake. Anageuka, analipa lundo mgongo, anarusha jiwe juu ya bega, na pale lilipoangukia ndipo tunapochimba, hata kama ni kwenye tope la magotini. Siku moja jiwe liliangukia kioo cha gari la meneja aliyekuja bila taarifa. Mzee Shechambo alikwenda taratibu, akaliokota jiwe lake, akasema kwamba kwa utaratibu ilibidi tuchimbe pale, ila kwa kuwa ni gari, leo tutasamehe. Meneja hakucheka. Sisi tulicheka mpaka siku ya mshahara.

Chimbeni mpaka mkono uzame hadi kiwiko. Uso wa lundo umeshapigwa na jua na mvua, hauna ukweli mwingi. Chukueni mashimo mengi, changanyeni kwenye turubai, mgawe mafungu manne, mtupe mawili yanayotazamana, mchanganye tena yaliyobaki. Mtaona ni upuuzi, lakini ndiyo namna ya kuzuia mkono wako usichague unachokitaka. Mkono wa binadamu una upendeleo kuliko mama wa kambo.

Baada ya muda nikagundua kwamba mzee alikuwa akirudia mashimo yangu nikishaondoka. Iliniuma sana. Nilikuwa nimeshakaa kazini miaka, nikadhani ameshaniamini. Nilimwuliza usoni mwake, naye hakukana. Alisema, "Nikikuamini wewe, Mwantumu, nitaacha kuchimba." Nilinuna, kisha nami nikaanza kurudia mashimo yake, na toka siku hiyo tukafanya kazi vizuri.

Sasa niwasimulie habari ya gesi.

Kiangazi cha Handeni mnakijua. Upepo ulikuwa unalipiga lile lundo na vumbi lake linaingia kwenye nyumba, kwenye mihogo iliyoanikwa, kwenye macho ya watoto. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Ndipo akaja Injinia Neema. Alikuwa binti mwembamba, mwenye miwani na sauti ya chini. Alisema kuna kiwanda cha chokaa upande wa Tanga, wanachoma mawe kwenye tanuru, na mawe yakiungua yanatoa gesi ya kaboni. Badala ya kuiachia ipande angani, wanaikamata, wanaigandamiza mpaka inakuwa maji, wanaitia kwenye matangi. Hiyo gesi italetwa kwetu ichanganywe na tope la marudio. Ikikutana na chokaa na madini mengine ndani ya tope inashikana nayo na kurudi kuwa jiwe. Vumbi litakwisha, sumu itafungwa ndani, na gesi haitakwenda kuharibu hewa ya dunia.

Mkutano wa kijiji ulifurika. Tuseme ukweli, hakuna aliyekuja kusikiliza, wote tulikuja kushuku. Mzee mmoja wa msikitini alisimama na fimbo yake akauliza kwa nini moshi wa Tanga uje kuzikwa Handeni, kwani sisi tumekuwa makaburi? Watu wakapiga makofi. Mwingine akauliza, kama gesi hiyo ni kitu kizuri, mbona mwenyewe anaitoa? Mimi niliuliza swali langu la kikazi: hii gesi ikiingia kwenye tope lenye sayanidi, itatokea nini?

Neema alinitazama kama mtu aliyekuwa analingojea swali hilo. Alisema hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Chokaa ndiyo inayoituliza sayanidi ikae ndani ya maji. Gesi ikiingia inaipunguzia chokaa nguvu, na sayanidi ikikosa chokaa inapanda hewani, nayo ikipanda inaua. Kwa hiyo lazima sayanidi iuliwe kwanza kwa dawa, ipimwe, ipimwe tena, ndipo bomba la gesi lifunguliwe. Alilisema hadharani, mbele ya meneja, ambaye nadhani angependa lisemwe baadaye. Nilimpenda binti yule siku hiyo. Gesi yake niliendelea kuishuku.

Na haikuwa mimi tu. Tangi la kwanza lilipofika Hale, dereva alisimama apumzike, na vali ya juu ikaachia pumzi kidogo kama ilivyoundwa kufanya joto likizidi. Likatoka wingu jeupe, la baridi, lenye kupiga mluzi. Wauza samaki wa pale walitimua mbio kuelekea kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, wakaacha perege mezani. Dereva aliwafuata kuwaeleza kwamba ni gesi ileile inayofanya soda itoe povu. Waliporudi, perege walikuwa wamepungua. Mpaka leo Hale wanasema ile gesi inayeyusha samaki, na mimi nasema waulizeni wale wasiokimbia.

Kazi ilianza. Tulipewa mita za kupima hewa, za kufunga kifuani, nasi tukazifunga. Lakini wachimba visima wa kwetu wana desturi ya kushusha kibatari shimoni kabla mtu hajaingia, maana hewa nzito hutuama chini, na kibatari kikizimika mtu haingii. Nilikuja na kibatari changu. Nilitegemea Neema atacheka, naye akasema kishuke kwanza kibatari, ifuate mita, kisha mtu. Gesi hii ni nzito kweli, inakaa mabondeni kama maji. Msikae kwenye mashimo wala mitaro karibu na bomba, hata kama kuna kivuli kizuri. Mlinzi wetu mmoja alipenda kulala kwenye mtaro mkavu nyuma ya mtambo. Tulimwamsha kwa ndoo ya maji, akatutukana wote, na baadaye kibatari kilipozimika palepale alipokuwa ameweka kichwa, akaacha kututukana.

Basi, nilichimba na kuchimba na sikupata pa kulaumu. Tope lililopitishwa gesi lilikauka likawa gumu, buti ikikanyaga haiachi alama. Vumbi la upande ule lilikwisha. Nilirudia mashimo ya kila mtu, hata ya Neema, nikakuta alichosema ndicho kilichopo. Ningefurahi, lakini Mzee Shechambo alinilea vibaya. Jambo likienda sawa muda mrefu, mimi silali vizuri.

Katikati ya kazi lile tanuru la chokaa la Tanga lilizimwa lifanyiwe matengenezo, na matangi yakaacha kuja. Lundo likabaki nusu limepita kwenye gesi na nusu bado. Tulipanda vigingi vya miti mpakani ili ijulikane upande upi ni upi. Ikaja mvua, halafu kiangazi, na vigingi vikatoweka kimoja kimoja. Kuni zimekuwa za shida kwetu, na kigingi kikavu hakina mwenyewe. Uzio nao ulishachoka, una matundu ya kupita ng'ombe.

Ndipo lundo likaota weupe. Pande zote mbili. Maji yaliyokuwa ndani yalipanda juu kwa joto la jua, yakakauka, yakaacha kitu cheupe kama barafu ya kwenye jokofu, kinabanduka kwa mkono. Mtu yeyote wa kwetu akikiona atakwambia neno moja tu: magadi. Nyie wa mjini mnatumia magadi kwa nadra, lakini huku mlenda usiotiwa magadi hauvutiki, na maharage yasiyotiwa magadi yanamaliza kuni za siku mbili. Nilimwambia meneja kwamba kitu hiki kitakuja kupikwa. Akasema nani atapika taka za kiwandani? Nikamwambia: mtu asiyejua kwamba ni taka. Akasema uzio utashughulikiwa.

Kabla ya watu, walikuja ng'ombe. Kulikuwa na mfugaji wa Kimasai, Saning'o, aliyehamia na mifugo yake kwenye mbuga za upande wetu, kijana mpole mwenye heshima. Ng'ombe wake walipita kwenye tundu la uzio wakalamba ule weupe, na hawakutaka kutoka. Wafugaji wanatembea mwendo mrefu kutafuta ardhi yenye chumvi, na huyu akaipata mlangoni. Kwake hilo lilikuwa jibu tosha, maana ng'ombe hawadanganywi kuhusu chumvi. Akakwangua, akajaza mfuko.

Saning'o alikuwa na kawaida ya kula kwa wifi yangu Zaina akienda Mkata mnadani. Zaina alikuwa mke wa kaka yangu Athumani, na alikuwa na kibanda cha chakula pale mabasi yanaposimama. Maharage yake abiria waliyajua. Madereva wa mabasi walikuwa wakipiga honi tokea mbali ili ayapakue. Saning'o akamletea ule mfuko kama zawadi, kwa sababu Zaina alikuwa akimpakulia bila kumpimia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya popote katika jambo hili, na ndiyo maana linanitisha mpaka leo.

Kaka yangu alifariki kwa presha. Siku ya arobaini yake nilikwenda Mkata asubuhi na mapema kusaidia kupika. Uwanjani akina mama walikuwa wanachambua mchele, jiko la nyama limeshawashwa, na juu ya mafiga kuna sufuria kubwa ya maharage, ile ya shughuli. Zaina alinipokea kwa kilio kidogo, kisha akafunua sufuria kunionyesha. Maharage yalikuwa yameshaiva, laini, na kuni zilikuwa hazijaisha hata nusu. Alikuwa amejitahidi sana yule mwanamke. Mume amekufa, na yeye amesimama wima ili arobaini ya mumewe isiwe na aibu.

Pembeni ya jiko, juu ya kipande cha gunia, kulikuwa na bonge la magadi lililobaki. Sijui kwa nini niliinama. Nadhani ni mazoea tu, mikono yangu haipiti karibu na unga bila kuugusa. Nikalisugua kwa vidole. Magadi ya dukani yanakwaruza, yana chembe. Hili lilikuwa laini, na chini ya weupe wake kulikuwa na unga wa kijivu uliokwenda kukaa kwenye mistari ya vidole vyangu na kukataa kutoka. Unga ule niliushika maisha yangu yote. Ni kinu chetu tu kinachosaga jiwe hivyo.

Nilimwuliza ameyapata wapi. Akasema kwa Saning'o, muda sasa, na mazuri kuliko ya dukani.

Nisikilizeni vizuri hapa. Sikuwa na uhakika. Sikujua limetoka upande gani wa lundo. Sikujua lina nini. Nilijua tu limetoka ndani ya uzio, na kwamba mashehe na nusu ya ukoo wetu walikuwa njiani kuja kulila.

"Wifi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "haya maharage hayaliwi."

"Ya arobaini ya kaka yako hayaliwi?"

"Mpaka nijue hiki kitu kina nini."

"Hiki kitu nimepewa na mtu kwa moyo wake. Wewe dada mtu umekuja na nini, zaidi ya macho?"

Akina mama waliacha kuchambua mchele. Nilijaribu kueleza, lakini utaeleza nini kuhusu aseniki mbele ya mafiga, kwa mwanamke aliyefiwa? Zaina alisema yeye anapika hayo kila siku na hajafa mtu. Akaweka mfuniko, akageuka. Basi nikachukua vitambaa viwili, nikashika sufuria masikio, nikaimwaga yote chini. Kuku wakaja mbio, nikawafukuza. Nikachukua jembe nikafukia maharage, mchuzi na lile bonge, udongo juu yake, na khanga yangu ikawa tope mpaka kiunoni. Hakuna aliyenisaidia wala kunizuia.

Zaina alingoja mpaka nilipomaliza kusawazisha udongo.

"Umemzika kaka yako mara ya pili," akasema, na akaingia ndani.

Hitima ilisomwa. Watu walikula wali na mchuzi mwembamba wa nyama, macho chini. Kufika jioni Mkata nzima ilikuwa na habari yake. Wengine walisema nimerogwa, wengine walisema nataka shamba la marehemu ndiyo nikaanza kumfedhehesha mjane. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Hilo halikuwapo na halikuja, lakini nililisikia kila niliposhuka kwenye basi.

Nilimwendea Neema. Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi: "Mama, bonge lenyewe liko wapi?" Mama Sampuli, mwanafunzi wa Shechambo, nilikuwa nimefukia sampuli ya pekee chini ya maharage ya moto. Nilirudi nikachimbua, nikapata uji wa udongo, majivu na manyoya ya kuku. Shikeni hilo, wanangu. Mkipandwa na hasira au hofu, kwanza tieni sampuli kwenye kifuko, hasira itangoja.

Meneja alisema atatuma mtu achukue sampuli mpya. Nilikataa. Mtu wake angechota karibu na geti, na karibu na geti ndiko gesi ilikopita vizuri kuliko kote. Sisemi alipanga hivyo. Nasema miguu ya mtu hupenda njia. Nikataka waje wenyewe waliohusika, wasimame, waone. Neema aliniunga mkono, na meneja akakubali kwa shingo upande.

Zaina alikuja. Sikutegemea. Alivaa buti kubwa za wageni na hakunisalimia. Saning'o alikuja na fimbo yake, akanisalimia kwa Kimasai, "Yeyo, takwenya," nikamwitikia "Iko," na uso wake ulikuwa umeanguka. Nilimwomba Zaina asimame amelipa lundo mgongo na arushe jiwe. Alirusha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tulichimba pale, na kwingine, na kwingine, pande zote mbili, na weupe wa juu tukauchukua peke yake. Kila kifuko kilifungwa mbele yake. Nilimwona akiangalia mikono yangu muda wote. Nilifurahi kushukiwa na mtu makini.

Majibu yalipokuja, Neema hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe Mkata, akaketi kwenye kigoda cha kibandani kwa Zaina, na mimi na Saning'o tukaitwa. Alisema weupe wa upande uliopita kwenye gesi si chakula na usiliwe, lakini aseniki iliyomo ni kidogo sana, nyingi imefungwa ndani ya tope gumu kama walivyotarajia. Weupe wa upande ambao haujapita kwenye gesi ulikuwa na aseniki nyingi. Hapo alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Kwa hiyo niseme wazi, kwa sababu ni haki: ile gesi niliyoishuku haikuwa na kosa. Ilikuwa inafanya kazi. Ubaya ulikuwa mahali ambapo haikufika, na kwa macho pande zote mbili zilikuwa rangi moja.

Zaina alikuwa anapanga sahani. Akaacha.

"Langu lilitoka upande gani?"

"Sijui, mama," Neema akasema.

Zaina akamgeukia Saning'o. Yule kijana alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ng'ombe walilamba kote," akasema. "Mimi nilikwangua nyuma yao."

Lilikuwa bonge moja tu ambalo lingeweza kujibu, na nilikuwa nimelifukia. Zaina aliuliza kitu kingine, polepole sana: wale abiria wote waliokula kwake tangu apewe ule mfuko, nani atawafuata? Basi la Arusha lilikuwa limesimama nje, kondakta anapiga bodi, watu wanashuka kutafuta chakula. Aliwaambia leo hakuna.

Zaina alikwenda hospitali akapimwa, na wajukuu zake wakapimwa, na daktari akasema hakuona kitu. Saning'o alipoteza ndama wawili mwaka ule. Huenda ni ukame, huenda si ukame. Uzio ulijengwa upya. Tanuru la Tanga liliwashwa tena, matangi yakarudi, na nusu ya pili ya lundo ikapitishwa gesi, kisha ikafunikwa kwa udongo. Nilichukua sampuli zake za mwisho kabla sijastaafu na zilikuwa nzuri. Mkikuta teknolojia hiyo huko mlipo, msiikimbie. Ulizeni tu imefika wapi na imeishia wapi, na nani ameweka alama isiyogeuka kuni.

Zaina amerudi kupika. Ananunua magadi dukani, mbele ya mashahidi. Tunasemeshana, tunazikana, tunaoana, sisi ni ndugu. Nikienda Mkata ananikaribisha, ananitengea wali na maharage kwenye sahani ya wageni, na kabla hajaniletea anachota kijiko kimoja kutoka sahani ileile, anakula amesimama, macho yake kwenye macho yangu. Kisha ananisogezea sahani, anasema karibu, wifi.

Nami nanawa mikono, nasema bismillahi, na nasubiri kwanza ameze.